Mabakuli Kumi na Dakika Nne

Nasema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Shabani, maana Shabani akisimulia huwa anaongeza mpaka kisa kinakuwa si changu tena. Ni kweli, ni mimi. Yule mzee ambaye pale Bariadi mjini vijana wa bodaboda wakimwona wanaambiana "Namba Tano anapita", ndiye mimi, Maduhu wa Mwamapalala, baba wa watoto saba, darasa la tatu nililimaliza kwa shida (la nne nilianza, likaja suala la ng'ombe nikaitwa nyumbani), na aibu niliyoipata siku hiyo sikuwahi kuipata tangu nilipotumbukia kwenye josho mbele ya wakwe zangu, na hata ile afadhali, kwa sababu wakwe wale wote walishatangulia na ng'ombe hawasemi.

Mtu atauliza, mzee wa pamba na kahawa wapi na wapi. Swali zuri. Kwetu Simiyu kahawa haioti. Tuna pamba, mahindi, mpunga kule mabondeni, choroko, na ng'ombe, na mimi katika maisha yangu nilikuwa nimekunywa kahawa mara mbili tu, zote kwenye vile vikombe vidogo vya sokoni, na mara ya pili nilikunywa kwa sababu niliyekuwa namdai hela za ndama alikuwa amekaa pale na sikutaka anikimbie. Basi. Mambo ya kahawa yaliingia nyumbani kwangu kupitia kwa Kabula.

Kabula ni kitinda mimba wangu. Aliondoka hapa akaenda Moshi kufanya usafi kwenye kampuni moja ya kahawa, kufagia na kuosha vyombo, na katika kuosha vyombo akawa anaonja mabaki (huyu mtoto tangu mdogo alikuwa hivyo, ukimpa maziwa anakwambia leo ng'ombe amekula majani ya upande wa mtoni), na siku moja wakubwa wake wakamsikia anamwambia mwenzake kwamba gunia la leo si la mlima ule wa jana. Wakampima. Wakamweka kwenye meza ya waonjaji. Miaka sita alikaa huko. Mama yake akafariki yeye yuko huko, akaja kuzika, akaondoka, na mimi nikabaki na nyumba yenye milango mingi kuliko watu.

Mwaka jana akarudi. Akapanga chumba Bariadi mjini, jirani na duka la viungo la Shabani, akanunua mashine ndogo ya kukaangia, akawa analetewa kahawa kwa basi kutoka kila pembe ya nchi: Mbinga, Mbozi, Kigoma, Tarime, Moshi. Na kila moja anaikaanga peke yake, anaionja peke yake, na kuiandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu: hii imetoka wapi, inanukia nini, uchachu wake, uzito wake mdomoni, ukimeza kinabaki nini. Mimi nilikuwa sielewi kwa nini asizichanganye zikawa nyingi. Akaniambia, "Baba, wewe ukitaka kujua ng'ombe yupi ana maziwa mazuri, unachanganya ndoo?" Hilo nililielewa.

Sasa hapa ndipo penyewe. Alikuwepo mama mmoja anaitwa Mama Aika, Mchaga wa Moshi anayeishi Mwanza, mwenye nyumba za wageni tatu kwenye njia ya watalii wanaokwenda Serengeti. Alitaka kila meza iwe na kikadi kinachosema kahawa hii imetoka mahali fulani na ladha yake ni hii, na alikuwa anatafuta mtu wa kumkaangia na kumwandikia. Akasikia habari za Kabula. Akasema atakuja Bariadi mwenyewe, aonje bila kuambiwa ipi ni ipi, pamoja na watu wengine wawili, halafu afungue daftari la Kabula aone kama yaliyomo yanalingana na ndimi za watu.

Kabula akaniambia jioni moja tunamenya karanga, hakuniangalia usoni, "Baba, huyu mama akinikataa, nafunga chumba. Moshi walisema nafasi yangu ipo."

Nilimenya karanga. Lakini kuanzia hapo mjue kila nilichokifanya nilikifanya nikiwa na hilo kichwani.

Waonjaji wawili wa hapa walikuwa Shabani, ambaye pua yake ni ya kazi, na muuguzi mmoja rafiki yake Kabula. Siku mbili kabla, muuguzi akashikwa na mafua, na mwenye mafua haonji. Kabula akahangaika, akapiga simu huku na huku, mwisho akanigeukia mimi.

"Baba, utaweza?"

"Kunywa?" nikamuuliza. "Nani hawezi kunywa?"

Akanipa masharti. Nisile kitunguu, nisile pilipili, nisipake mafuta yenye harufu, na ugoro, baba, ugoro usiguse tangu leo mpaka tumalize. Nikasema sawa. Na kitunguu sikula. Nilikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kama mfungwa. Lakini ugoro, ndugu zangu, ninyi mnaotumia mnajua. Asubuhi ya siku yenyewe, nikishuka kwenye pikipiki pale mjini, mkono ukaingia mfukoni wenyewe, nikachukua kidogo, kidogo kabisa, nikakiweka chini ya mdomo kwa ndani, nikasema nitakitema nikifika. Nilipofika nikasahau.

Huo ulikuwa uamuzi wa kwanza. Ulikuwa mdogo. Wa pili ndio ulionimaliza.

Chumba kilikuwa kimefagiliwa mpaka unaona haya kukanyaga. Meza ndefu, kitambaa cheupe, mabakuli kumi meupe, mawili mawili, na mbele ya kila jozi kikaratasi: moja, mbili, tatu, nne, tano. Mama Aika alikuwa ameshafika, amekaa kibarazani na Shabani, maana mwonjaji haruhusiwi kuona kahawa ikimiminwa kutoka mfuko gani. Mimi Kabula aliniacha ndani nimsaidie birika, akasema, "Baba wewe hata ukiona haidhuru, hutakumbuka."

Hilo lilinichoma. Mimi nilikuwa na ng'ombe mia na zaidi enzi zangu, na nilikuwa najua yupi mtoto wa yupi, na bibi yake alinunuliwa kwa nani. Nikaangalia mifuko. Namba moja Tarime. Mbili Kigoma. Tatu Mbozi. Nne Moshi. Tano Mbinga.

Kabula akamimina maji ya moto kwenye mabakuli yote, unga wa kahawa ukapanda juu ukafanya utando mnene kama wa maziwa, akaweka simu mezani ihesabu dakika nne, akasema utando usiguswe mpaka dakika ziishe, mgeni ndiye atauvunja kwa kijiko na kunusa. "Baba, usiguse kitu," akasema. Akatoka kuwaita wenzangu waje kunawa mikono na kupewa karatasi zao.

Nikabaki peke yangu na mabakuli kumi na dakika nne.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu huniona mjinga, na mimi naomba mnione mjinga kwa sababu sahihi. Kwetu ng'ombe akichinjwa, kila mtu anajua nyama yake. Mjomba ana yake, wakwe wana yao, wazee wana yao, na mgeni aliyetoka mbali hapewi kitu cha nne. Anapewa cha kwanza, na kikiwepo kitu cha kwao, hicho ndicho kinamtangulia. Mimi nikaangalia meza. Kiti cha mgeni kiko upande wa namba moja. Mbele yake kuna Tarime. Ya kwao, ya Moshi, imewekwa kule nne kama nyama ya watoto. Nikasema moyoni, huyu mtoto wangu amekaa Moshi miaka sita amesahau adabu, mgeni ataona tumemdharau, atakasirika, atakataa, na Kabula atapanda basi.

Na nikasema, kahawa ni ile ile, ikiwa nne au ikiwa moja ladha haibadiliki. (Sikujua kwamba daftari limeandikwa kwa namba. Niliona anaandika, lakini mimi maandishi marefu nikiyaona huwa nayapa heshima tu, siyasomi.)

Nikabeba mabakuli mawili ya Moshi nikayaweka pembeni. Nikabeba la Tarime. Jamani, lilikuwa la moto. Vidole vikaruka, kahawa ikamwagika kwenye kitambaa cheupe, nikaifuta kwa kofia yangu. Nikapanga: Moshi moja, Tarime nne. Safi. Nikarudi nyuma kuangalia, na moyo ukashuka, kwa sababu mabakuli tisa yalikuwa yamejaa na moja limepungua vidole viwili, linaonekana kama pengo la jino.

Mwenye akili angeongeza maji. Birika lilikuwa pale pale. Mimi nikaamua kuyapunguza yale tisa.

Nikaanzia upande niliokuwa nimesimama, namba tano, ya Mbinga. Nikainamisha kichwa nikavuta. Ule moto ulivyonipiga mdomo wa chini, mdomo ukaachia, na ule ugoro wangu, wote, ukatumbukia ndani ya bakuli.

Nilisimama nikiutazama. Ulielea kidogo halafu ukazama.

Nikaingiza kidole nikautafuta, sikuupata, nikakoroga ili usionekane, nikausawazisha utando kwa kidole hicho hicho. Simu ilikuwa inaonyesha dakika moja na kitu. Nikayapitia mabakuli mengine mbio mbio, navuta hapa, navuta pale, kama ndama aliyeachiwa, ulimi umekufa ganzi, machozi yananitoka, na kila nikimaliza moja nasawazisha utando kwa kidole. Simu ikalia nikiwa nimesimama wima kando ya ukuta, mikono nyuma.

Wakaingia.

"Mwangaluka mayu," nikamsalimia mama yule kwa Kisukuma, kwa sauti iliyoungua.

"Shikamoo mzee," akajibu Mama Aika. Alikuwa mama mtulivu, mnene wa wastani, miwani imening'inia kifuani, mtu ambaye ukimwona unajua haongei mara mbili.

Shabani akaniangalia usoni, akaangalia chini ya pua yangu. "Mzee wangu," akaninong'oneza, "mvi za masharubu zimekwenda wapi?"

Nikapitisha kiganja. Kilirudi na unga wa kahawa.

Kuonja kwenyewe kulivyo, mtu anachota kwa kijiko, anavuta kwa kelele mpaka mtoto wa jirani asikie, anaizungusha mdomoni, halafu anatema kwenye kopo. Kuvuta kwa kelele nilikuwa nimeshafanya mazoezi. Kutema ndiko kulinishinda. Kwetu mzee akitia maji mdomoni na kuyapuliza, ana jambo: anabariki mtoto anayesafiri, au anawaita wa zamani waamke waone. Sasa nitemee kopo? Ningekuwa nimelibariki kopo. Na kilichopikwa na mwanangu nikiteme mbele ya mgeni, si nimemlaani? Nikawa nameza. Kila kijiko nameza, mabakuli kumi, raundi tatu, juu ya yale niliyokwisha kuyavuta, na tumboni hakuna kitu ila michembe.

Kabula yeye haonji siku hiyo. Anasimama na daftari, anaandika tunavyosema. Karatasi zetu tulijaza kimya. Shabani aliandika mambo ya dukani kwake: iliki, karafuu, ganda la chungwa. Mimi nilichora na kuandika nilivyoweza. Namba mbili niliandika "dume linalotafuta ugomvi." Namba tatu "ng'ombe mtulivu, mtoto anaweza kumkamua." Namba tano sikuandika kitu. Nilikuwa siwezi kuiangalia.

Na mwili ulikuwa umeanza. Moyo ulikuwa unakwenda kama kinu cha pamba msimu umekolea. Goti moja linacheza peke yake. Nilikuwa naona kila uzi wa kitambaa cha meza, na nilitaka kumweleza Mama Aika habari za ng'ombe wangu wote kwa majina, na pia nilikuwa nimebanwa na haja ndogo ambayo sijapata kuiona mfano wake.

Mama Aika akavaa miwani. "Nianze na namba tano," akasema. "Hii imenishangaza. Ina chokoleti, ina zabibu, halafu ukishameza, mwishoni kabisa, kuna tumbaku. Kwa mbali, kavu, nzuri. Si kahawa nyingi zinakupa hiyo. Nimeipa alama za juu kuliko zote."

"Na mimi kuna kitu nimekikuta humo," Shabani akasema, anakuna kidevu. "Nakijua. Sijui nakijua wapi."

Nikasema, "Wageni mmekula lakini?"

Mama Aika akaendelea. "Na hii namba moja sina haja ya kuuliza. Hii ni ya kwetu, Moshi. Nimezaliwa ndani ya migomba na mikahawa ile."

Kabula akainua kichwa kwenye daftari. "Namba moja, mama?"

"Namba moja."

"Namba moja ni Tarime." Akafungua ukurasa wa jana yake, alipoionja mwenyewe na kuiandika, akasoma: Tarime, nzito, sukari guru, uchachu mdogo. Nikamwona anatazama bakuli, anatazama daftari, anatazama mifuko kule kwenye rafu.

Mama Aika hakukasirika, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alivua miwani. "Mwanangu, sikulaumu. Mifuko inachanganyika, sisi sote ni watu. Lakini mimi nimekuja kutafuta mtu ambaye nikiwa Mwanza nimelala naamini alichoandika. Kikadi kikisema Tarime na ndani iko Moshi, anayechekwa ni mimi."

"Sijachanganya mifuko, mama."

"Basi namba moja ni nini?"

Kabula akaiendea rafu, Mama Aika akamfuata, na Shabani naye, wakawa wameinama wanachungulia mifuko. Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikaona kuna nafasi. Nikasema moyoni, nikiyarudisha mabakuli upesi, wakigeuka Moshi itakuwa nne, Tarime moja, mgeni ataonja tena atasema aa, kumbe ulimi wangu ulinidanganya, na mambo yataisha kwa amani. Nikanyanyua bakuli la Moshi. Lakini mikono ile haikuwa mikono yangu tena, ilikuwa mikono ya kahawa. Bakuli likaanza kucheza, kahawa ikacheza, nikajaribu kulishika kwa kifua, likaniponyoka, likapiga ukingo wa meza, likapasukia chini, na kahawa ya Moshi ikaruka ikatua kwenye viatu vya mwanamke wa Moshi.

Wote wakageuka. Nilikuwa nimesimama katikati ya vipande, shati limelowa, goti linacheza.

"Baba," Kabula akasema polepole. "Ulikuwa unalipeleka wapi?"

Ningeweza kusema uongo. Nilikuwa nao tayari, paka ameingia, kitu kama hicho. Lakini nilimwona anavyoliminya lile daftari kifuani, vile alivyoshika kitambaa cha mama yake siku ya mazishi, nikasema.

Nikasema yote. Kwamba niliyabadilisha mimi. Kwamba nne si mahali pa kumweka mgeni. Kwamba lilimwagika nikayanywa mengine ili yalingane. (Ugoro sikuutaja. Aibu nayo ina kiasi chake, nilifikiri ile inatosha.) Nikamgeukia Mama Aika nikamwambia, "Mayu, huyu mtoto hajakosea. Aliyekosea ana miaka sabini."

Shabani alikuwa anaangalia dari, midomo ameiuma.

Mama Aika akafuta viatu kwa leso. "Mzee, nimekusikia. Lakini baba anaweza kusema lolote kumwokoa mwanawe. Mimi ningesema."

Hapo nilitaka kukaa chini kwenye vile vipande. Maana alikuwa na haki. Nilikuwa nimevuruga mpaka na ukweli wangu haukufaa kitu.

Kabula akaweka daftari mezani. "Baba, kaa," akasema. Nikakaa. "Mama, naomba unisaidie. Nitageukia ukuta. Mabakuli yamebaki tisa. Yapange unavyotaka wewe, yachanganye, uandike kwenye karatasi yako lipi limetoka namba gani. Nami nitaonja."

"Yamepoa," Mama Aika akasema.

"Ikipoa ndipo inasema ukweli."

Akageukia ukuta. Mama Aika akayapanga mstari mmoja bila haraka, anaandika, Shabani anashuhudia. Mimi nilikalia mikono yangu. Kabula akageuka, akachukua kijiko, akaanza. Na niwaambie, miaka yote ile alipokuwa ananiambia kazi yake mimi nilikuwa naitikia tu, kumbe sikuwahi kumwona akiifanya. Alivuta mara moja, akafumba macho, akatema.

"Kigoma."

Hatua moja.

"Tarime. Hii ndiyo uliyoimwaga baba, michirizi bado iko ubavuni mwa bakuli." Hatua. "Mbozi. Mbozi tena." Hatua. "Moshi, samahani mama, limebaki moja." Hatua. "Tarime. Kigoma." Kila akisema, kalamu ya Mama Aika inapiga alama, na kila alama ikipigwa goti langu linapungua kucheza. "Mbinga," akasema kwenye la nane.

Akafika la tisa. Akavuta. Akafumbua macho. Akavuta tena, na safari hii hakutema haraka, aliizungusha mdomoni muda mrefu, na mimi nikajua.

"Hii pia ni Mbinga," akasema. "Lakini ina magadi."

"Magadi?" Mama Aika akauliza.

"Magadi na tumbaku mbichi iliyotwangwa." Akanigeukia. "Baba, fungua mdomo."

"Mwanangu..."

"Fungua mdomo, baba."

Nikafungua. Mzee wa miaka sabini, mbele ya mgeni, nimefungua mdomo kama ng'ombe anayeangaliwa umri mnadani. Kabula hata hakuinama kuchungulia, alinusa tu kwa mbali.

"Ugoro," akasema. "Wa Lalago. Ule wa Mwamapalala hawatii magadi mengi hivi."

Na ni kweli. Nilikuwa nimeununua mnadani Lalago wiki ile, sikumwambia mtu.

Shabani ndiye wa kwanza kuanguka kicheko. Alitoka nje akajishika kwenye nguzo ya kibaraza, nikasikia anasema "nilijua nakijua", "nilijua nakijua", mpaka wateja wake wakaja kuuliza kuna nini. Lakini mimi nilikuwa naangalia Mama Aika. Alikuwa ameshika karatasi yake, anaisoma pale alipoandika kwa mkono wake mzuri: tumbaku, kwa mbali, nzuri. Alama za juu kuliko zote. Akachukua kalamu, akataka kuikata ile mistari.

Kabula akaweka mkono juu ya karatasi. "Usifute mama," akasema. "Ulimi wako haukukosea. Tumbaku ilikuwepo."

Mama Aika akamtazama. Halafu kifua chake kikaanza kutikisika, akavua miwani akaiweka mezani, akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, akasema, "Alama za juu, Kabula. Nimeupa ugoro wa baba yako alama za juu."

"Wabeja sana," nikashukuru mimi, kwa sababu sikujua mtu anasema nini hapo. Halafu nikaomba ruhusa nikakimbilia uani, na huko nilikaa muda ambao Shabani mpaka leo anausimulia peke yake kama kisa kingine.

Niliporudi walikuwa wanaongea habari za vikadi.

Kabula hakwenda Moshi. Mlango wake unafunguliwa kila asubuhi, na Jumapili anakuja Mwamapalala tunamenya karanga. Siku ile nilirudi nyumbani kwa pikipiki na nikamsimulia dereva ukoo wangu wote tangu mwanzo, na nilipofika nikapalilia mistari sita ya pamba bila kupumzika. Nimeapa. Nikikuta bakuli la mtu mezani, hata kama meza yenyewe inaungua, nitamwita mwenye bakuli aje alisogeze mwenyewe, na mgeni akiwekewa cha nne nitaangalia pembeni.

Ukurasa ule nilimwomba auchane. Akasema daftari halichanwi. Umeandikwa vizuri, nimesomewa: Mbinga, bakuli la pili, chokoleti, zabibu, ugoro wa baba. Akanipa kalamu nitie sahihi kama mwonjaji, nikatia.

Siku hizi nikienda kumtembelea, kikopo changu cha ugoro nakiacha kwanza dukani kwa Shabani, ndilo sharti. Anakiweka kwenye rafu katikati ya iliki na karafuu. Wiki iliyopita nimekuta mjinga yule amekibandika kikaratasi kama mifuko ya Kabula, kimeandikwa kwa herufi kubwa: LALAGO.